Kabla ya Kuingia Kwenye Jakuzi, Pima Maji

Hoteli nyingi za Nungwi, Paje, Diani na Watamu zina jakuzi, na siku hizi hata nyumba za kupangisha kwa siku chache mijini zinatangazwa kwa picha za jakuzi barazani. Mgeni hufika kachoka na safari, huona maji maangavu yanafuka mvuke, huvua kandambili na kuingia. Ninakuomba usubiri dakika tano tu. Katika dakika hizo unaweza kujua kitu ambacho macho hayawezi kukwambia: kama maji yale yana dawa ya kutosha, au yamekwisha kuwa mahali pa bakteria kuzaliana.

Jakuzi si bwawa dogo la kuogelea, na makosa mengi ya wenyeji na wageni huanzia kwenye dhana hiyo. Bwawa la hoteli hubeba maelfu kwa maelfu ya lita. Jakuzi la watu watano hubeba lita 1,500 hivi. Watu wanne wakikaa humo nusu saa, jasho lao, mafuta yao ya ngozi na vumbi la mchana kutwa vinaishia kwenye maji hayo machache, na kila kimoja kinakula klorini. Maji yenyewe ni ya moto, nyuzijoto 36 hadi 40, na klorini huisha haraka ndani ya maji ya moto. Jeti nazo zikivurumisha mapovu, dawa hupungua zaidi na pH hupanda. Wakati huohuo joto hilo ndilo linalopendwa na Legionella, bakteria anayestawi kati ya nyuzijoto 25 na 45. Kwa hiyo maji yaliyopimwa asubuhi na kukutwa salama yanaweza kuwa hatari jioni ya siku hiyohiyo, baada ya familia moja tu kuyatumia.

Hata asiyeingia majini huugua

Mwanzoni mwa mwaka 1999, katika mji wa Bovenkarspel nchini Uholanzi, watu walikwenda kutazama maonyesho ya maua. Ukumbini palikuwa pia na vifaa vya nyumbani vya kuuzwa, yakiwemo majakuzi yaliyojazwa maji ya moto na kuwashwa jeti ili wanunuzi wayaone yakifanya kazi. Watu walipita kando yake tu. Karibu watu 200 waliugua nimonia na wasiopungua 32 wakafariki. Jambo kama hilo lilijirudia Stoke-on-Trent, Uingereza, mwaka 2012, ambako jakuzi la maonyesho ndani ya duka liliwaambukiza wateja na wawili wakafa. Kampuni yenye duka ikatozwa faini ya pauni milioni moja. Septemba 2019, kwenye maonyesho ya wakulima huko North Carolina, Marekani, waliougua walizidi 130 na wanne wakafariki, na uchunguzi ukaelekea tena kwenye majakuzi yaliyokuwa yakioneshwa ukumbini.

Nimeyataja matukio haya matatu kwa sababu yanafunza kitu ambacho onyo la kawaida la "usinywe maji ya bwawa" halifunzi. Legionella huingia kwa pumzi. Jeti hurusha matone madogo mno, yanaelea hewani pamoja na mvuke, na mtu akiyavuta hushuka hadi mapafuni. Huna haja ya kulowa. Bibi aliyeketi kwenye kiti kando ya jakuzi akiwaangalia wajukuu anavuta hewa ileile, na umri wake unamweka katika hatari kubwa kuliko wao. Hewa ya chumba kilichofungwa ni mbaya zaidi kuliko ya uwanjani.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana mwaka 1976, pale wanachama wa chama cha maveterani wa Marekani, American Legion, walipokutana katika hoteli moja ya Philadelphia. Wanachama 29 walikufa, na miezi ikapita kabla bakteria hajatambuliwa. Mpaka leo, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hupoteza maisha. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wavutaji wa sigara, wenye maradhi sugu ya mapafu, na wote ambao kinga yao imeshuka, kwa kisukari, kwa dawa za saratani au kwa sababu nyingine. Kama wewe ni mmoja wao, nasema bila kuzunguka: jakuzi la hoteli si lako, hata likiwa limo ndani ya bei uliyolipa.

Dakika tano za kupima

Nunua karatasi za kupimia maji ya bwawa. Maduka yanayouza dawa za mabwawa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huwa nazo, na kikopo kimoja kinakutosha kwa safari nyingi. Chovya karatasi majini, subiri muda ulioandikwa, kisha linganisha rangi na zile za kwenye kikopo.

Tazama mambo mawili. La kwanza ni klorini huru. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinataka jakuzi liwe na angalau miligramu 3 za klorini kwa kila lita ya maji. Likitumia bromini badala ya klorini, iwe kati ya 4 na 8. Bwawa la kawaida linaruhusiwa kuwa na miligramu 1 tu ya klorini kwa lita, na hapa ndipo unapoona tofauti: anayetumia kipimo cha bwawa kwenye jakuzi ameshakosea kabla hajaanza.

La pili ni pH, na hii watu huipuuza. Inatakiwa iwe kati ya 7.0 na 7.8. Klorini ikiwa majini hugawanyika katika hali mbili, moja inaua vijidudu kwa kasi na nyingine ni goigoi. pH ikiwa 7, karibu robo tatu ya klorini iko katika hali ile kali. Ikifika 7.5 inabaki nusu hivi, na kwenye 8 haizidi sana robo. Kwa hiyo fundi anaweza kuapa kwamba ametia dawa, karatasi ikakubaliana naye, na bado dawa hiyo isifanye kazi. Kwetu pwani pH haishuki kirahisi, maana maji mengi ya visima hutoka kwenye miamba ya matumbawe, ni maji ya chumvichumvi za chokaa, na mapovu ya jeti huzidi kuipandisha.

Ukisubiri rangi ya karatasi itulie, tumia mkono na pua. Pitisha kidole kwenye ukuta wa jakuzi chini ya mstari wa maji. Ukikuta utelezi, huo ni utando ambao bakteria hujitengenezea na kujificha ndani yake, na kama uko ukutani basi umo pia kwenye mabomba usiyoyaona. Harufu nayo huwapotosha wengi. Klorini ikinuka hadi macho yanawasha, watu husema maji yametiwa dawa sana. Kwa kawaida ni kinyume: harufu hiyo hutoka kwenye klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, na nguvu yake ya kuua vijidudu imepungua mno. Maji yaliyotunzwa vizuri hayanuki kwa mbali.

Chungulia pia mifuniko ya matundu ya kunyonya maji, chini na pembeni. Ikiwa imevunjika, imelegea au haipo, usiingie na usimruhusu mtoto kuingia, hata kama klorini iko sawa. Mwaka 2002 msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani James Baker, alinaswa na nguvu ya mfyonzo chini ya jakuzi na kufa maji huku mama yake akivuta asiweze kumtoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 kuhusu mifuniko hiyo imepewa jina lake.

Mwisho, muulize mhudumu: nani kapima leo, saa ngapi, na daftari liko wapi? Uliza kwa adabu, ila uliza. Mahali panapotunzwa, daftari hutolewa bila kinyongo, lina tarehe, saa, klorini, pH, na sahihi ya mtu. Ukiambiwa "hayo maji ni masafi, bosi, usiwe na wasiwasi," umeshajibiwa.

Ukiamua kuingia

Oga kwanza kwa sabuni, mwili mzima. Kumwagia miguu maji hakutoshi. Zanzibar hoteli nyingi humpangia mgeni singo ya kusugua mwili na kukandwa kwa mafuta ya nazi, halafu jakuzi. Mpangilio huo ugeuzwe: maji kwanza, singo na mafuta baadaye. Singo ni kitu kizuri, lakini mabaki yake na mafuta vikiingia majini hula klorini yote na kuacha ukoko wa mafuta pembeni, na atakayeingia baada yako ndiye atakayelipa. Nguo za kuogea ziwe za kuogea tu. Anayependa kujisitiri avae suti ya kuogelea yenye kufunika mwili, iliyofuliwa. Gauni au fulana aliyoshinda nayo imebeba vumbi, jasho na sabuni ya kufulia.

Aliyeharisha asiingie. Kuna kimelea kiitwacho Cryptosporidium ambacho klorini ya kawaida haikiui hata baada ya siku kadhaa, na kinatosha kidogo tu kilichomezwa kumwangusha mtu kwa kuhara kwa wiki nzima na zaidi. Ikithibitika kwamba kuhara kulitokana nacho, mtu akae mbali na maji ya pamoja kwa wiki mbili baada ya kupona.

Watoto walio chini ya miaka 5 wasiingie kabisa; miili yao hupata moto upesi na vichwa vyao viko karibu na mvuke. Mjamzito azungumze na daktari wake kwanza, hasa miezi mitatu ya mwanzo, maana joto kali la mwili linaweza kumdhuru mtoto anayeumbika. Maji yasizidi nyuzijoto 40, muda usizidi robo saa hivi, kichwa kisizamishwe, na pombe ibaki mbali. Mtu aliyelewa kwenye maji ya moto husinzia, na hazihitajiki dakika nyingi kufa maji.

Kwa mwenye jakuzi na anayelitunza

Hapa ndipo usalama wenyewe ulipo. Mgeni anaweza kupima na kuondoka, lakini anayemkinga ni mtu anayeamka kila siku na kuyashughulikia maji. Kama unajenga nyumba ya wageni na huna mtu wa kazi hiyo, aliyefundishwa na kulipwa kwa ajili yake, nakushauri usiweke jakuzi. Weka bafu zuri lenye maji ya moto. Wageni wako watakushukuru.

Pima angalau mara mbili kwa siku, na zaidi siku ya wageni wengi: kabla ya kufungua, katikati, na baada ya kufunga. Dawa itiwe kwa mizani. Chukua mfano wa jakuzi la lita 1,500 lililokutwa halina klorini kabisa. Kulifikisha kwenye miligramu 3 kwa lita kunahitaji gramu 4.5 za klorini halisi. Kwa unga wa kalsiamu haipokloriti wa asilimia 65, hiyo ni gramu 7 hivi. Kiasi kinachoshangaza kwa udogo wake. Kwa hiyo anayetia dawa kwa kukisia na kopo hukosea pande zote mbili, leo kidogo mno, kesho kiasi cha kuchubua ngozi ya mgeni.

Vidonge vikubwa vya bwawa visitiwe kwenye jakuzi. Vingi vina asidi ya sianuriki, ambayo imewekwa kuikinga klorini isiharibiwe na jua. Asidi hiyo haiondoki; inajikusanya majini siku hadi siku na kuifanya klorini iue polepole, na ndiyo maana CDC inashauri isitumike kwenye majakuzi. Muuzaji akikuambia kifaa chake cha ozoni au cha mwanga kinaondoa haja ya dawa, usikubali. Vifaa hivyo husafisha maji yanayopita ndani yake, lakini haviachi kinga yoyote ndani ya jakuzi lenyewe, mahali watu walipo. Ni wasaidizi wa klorini.

Umwagaji wa maji upangwe. Kanuni moja inayotumika Marekani inaweza kuandikwa hivi kwa lita: gawanya ujazo wa jakuzi kwa 11, kisha gawanya kwa idadi ya waogaji kwa siku. Lita 1,500 na waogaji 10 kwa siku zinakupa siku 13 hivi. Zikifika, mwaga maji yote. Katika nyumba ya kupangisha, mwaga, sugua, tia dawa na ujaze upya kila kundi la wageni linapoondoka, kwa sababu hujui wamefanya nini humo. Kabla ya kumwaga, pandisha klorini na uendeshe pampu na jeti zote bila mtu ndani, ili dawa ifike kwenye mabomba. Kusugua kuta na kuacha mabomba ni kuacha mbegu. Kichujio kioshwe kwa ratiba na kibadilishwe kikichakaa, na ni vizuri kuwa na viwili ili kimoja kikauke huku kingine kikifanya kazi. Ukoko wa chokaa kwenye jeti nao utolewe, maana bakteria hupata makao ndani yake.

Kisha kuna umeme. Ukikatika, pampu inasimama, klorini iliyo kwenye mabomba inaisha, na maji yanaendelea kupoa taratibu yakipitia nyuzijoto 37, 35, 32, hali ambayo Legionella angeichagua mwenyewe. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe jeti wageni wakiwa pembeni. Pima, tia dawa, endesha mzunguko bila watu, pima tena, ndipo ufungue. Jakuzi lililokaa siku kadhaa bila kutumika msimu wa mvua ni vilevile: lisijazwe na kuwashwa tu kwa kuwa mgeni amepiga simu kwamba yuko njiani. Kama msimu ni mrefu, limwage na likae kavu.

Dawa ya maji ihifadhiwe kivulini, pakavu, penye hewa. Klorini ya maji hupoteza nguvu haraka kwenye joto, hivyo dumu lililokaa miezi kwenye stoo ya mabati linaweza kuwa limebaki jina. Usichanganye aina mbili za klorini. Unga wa kalsiamu haipokloriti ukikutana na ule wa vidonge vya sianuriki unaweza kuwaka moto au kulipuka. Usikutanishe klorini na asidi ya kushushia pH, maana hutoka gesi ya sumu inayounguza mapafu. Kila moja iwe na kijiko chake, na siku zote tia dawa kwenye maji, usimwage maji juu ya dawa.

Na mtunza maji mwenyewe akumbukwe. Yeye ndiye anayevuta mvuke ule kila siku, na ndiye anayeosha kichujio kwa mpira wa maji wenye presha, kazi inayorusha matone usoni. Mpe barakoa nzuri ya kuchuja, glavu na miwani. Mpe pia mamlaka ya kufunga jakuzi vipimo vinapokataa, bila kusubiri meneja aliye mjini, na mgeni akilalamika umtetee. Nimeona mahali ambapo kijana wa bwawa anajua kabisa kwamba maji hayafai, lakini hana ruhusa ya kutamka. Daftari la mahali kama hapo halina maana hata likijazwa kwa mwandiko mzuri.

Ukirudi nyumbani unaumwa

Vipele vyekundu vinavyowasha, vilivyozidi mahali nguo ya kuogea ilipobana, vikitokea siku moja au mbili baada ya kuoga, mara nyingi huwa ni kazi ya Pseudomonas, bakteria anayeingia kwenye mashina ya vinyweleo. Kwa kawaida huisha vyenyewe baada ya siku chache. Fua nguo ya kuogea, usikwangue, na umwone daktari vikitunga usaha mwingi, ukipata homa, au kama una kisukari. Sikio likiuma unapolivuta, chanzo kinaweza kuwa huyohuyo.

Homa ni jambo jingine. Nimonia ya Legionella huanza siku 2 hadi 14 baada ya kuvuta mvuke: homa kali, kikohozi, pumzi kukata, mwili kuuma, kichwa kuuma, mara nyingine kuharisha na kuchanganyikiwa. Kwetu homa ya namna hiyo hufikiriwa malaria kwanza, na ni haki kupima malaria. Lakini kipimo kikionesha hakuna, usirudi nyumbani na dawa za kutuliza maumivu ukasubiri. Mwambie daktari, bila kungoja aulize, kwamba ulikuwa kwenye jakuzi au karibu nalo, wapi na tarehe gani. Habari hiyo inabadilisha matibabu: amoksilini, ambayo hutolewa sana kwa nimonia, haimfikii Legionella kwa kuwa anajificha ndani ya seli za mwili, wakati azithromaisini au levofloksasini humfikia. Kuna kipimo cha mkojo kinachotambua aina yake inayoongoza kwa kuwaambukiza watu, na daktari asipokuwa nacho bado anaweza kuchagua dawa inayofaa kwa maelezo yako peke yake.

Ugonjwa huu kwa kawaida haumtoki mtu kwenda kwa mtu, hivyo wanaokuuguza wasikuogope. Lakini mlioongozana nao wapigie simu wote, ukianza na wazee, kisha ipigie hoteli na uwaambie wafunge jakuzi mpaka maji yapimwe.